Karatasi Iliyofunga Kahawa ya Wakwe

Enzi zetu Kiingereza kilifundishwa kwa jembe. Wenzangu mliosoma Karagwe miaka ile ya baada ya vita vya Uganda mtanielewa, na ninyi wengine nitawaeleza. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Mwalimu Festo, mtu wa Muleba, mrefu, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi ya mkaa mpaka ule mstari wa mbele ungeweza kumenya ndizi. Alipohamishiwa kwetu Kanoni alikuta darasa la saba lina watoto arobaini na kitabu cha Kiingereza kimoja. Nasema kimoja, msije mkadhani ni kimoja kwa kila dawati.

Basi akabuni njia yake. Vipindi vya Kiingereza akavihamishia kwenye shamba la shule, katikati ya maharage. Tunapanga mstari, kila mtu na jembe lake. Jembe likipanda tunasema "go". Likishuka, "went". Ukiuvuta udongo, "gone". Kitenzi kimoja, pigo moja. Mtu mmoja akiteleza, mstari mzima unarudi mwanzo wa tuta. Ndiyo maana shule yetu ilikuwa na maharage mazuri kuliko shule zote za tarafa, na wakulima walikuwa wakisimama barabarani kutusikiliza. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, asubuhi asubuhi alituuliza hili ni dhehebu gani jipya, na kama wanaruhusu pombe.

Mkumbuke pia kwamba sisi nyumbani tulisema Kinyambo. Kiswahili tulikutana nacho shuleni, na kabla hakijatulia vizuri kinywani tukaongezewa Kiingereza juu yake. Sasa Kinyambo kina namna moja ya kusema jambo la asubuhi ya leo, namna nyingine kwa la jana, na nyingine kwa la zamani. Tulimwuliza mwalimu mbona Kiingereza kinachanganya asubuhi, jana na enzi za mababu kwenye neno moja. Mwalimu Festo akafikiri kidogo, akatujibu kwamba Waingereza hawakuwa watu wa kujali sana, na turudi kwenye tuta.

Nyimbo zile za jembe ziliniingia kwenye damu. Nilikuwa naimba "eat, ate, eaten" nikipalilia migomba ya nyumbani, "drink, drank, drunk" nikitoka kisimani na ndoo kichwani. Shangazi yangu Koku, mdogo wake baba, ambaye ndiye tuliyekuwa tukilima naye kila siku, alikuwa akiniambia, "Kemi, hayo maneno yako yanachosha masikio, lakini magugu yanayaogopa. Endelea."

Kile kitabu sasa. Kilikaa kwenye sanduku la bati ofisini kwa mwalimu mkuu, kimevikwa jalada la mfuko wa saruji. Kila Ijumaa kilikwenda nyumbani kwa mwanafunzi mmoja kwa zamu na kurudi Jumatatu. Ukurasa wake wa mwisho ndio uliokuwa na orodha yote ya vitenzi, safu tatu, mbele na nyuma, na Mwalimu Festo alikuwa ameweka alama za vema kwa wino mwekundu kwenye kila kitenzi tulichokwisha kukilima. Kuimba tuliweza sote, lakini mtihani hauimbwi, unaandikwa, na herufi zilikuwa pale. Kabla ya kukutoa ofisini mwalimu alihesabu kurasa mbele yako. Jumatatu alihesabu tena. Alishatuambia, kwa ile sauti yake ya upole inayotisha kuliko ya kufoka, kwamba mtoto atakayerudisha mali ya serikali ikiwa pungufu, jina lake hatalipeleka kwenye mtihani wa darasa la saba. Tuliamini. Siku hizo mwalimu akisema jua litachomoza upande wa Uganda, kesho yake unageuza mlango.

Zamu yangu iliangukia wiki chache kabla ya mtihani. Nikakibeba kitabu kifuani kwa mikono miwili, kutoka shuleni mpaka nyumbani, nikikwepa hata kivuli cha mbuzi. Na Jumamosi hiyohiyo, kwa bahati yangu, ndiyo siku wakwe walipokuja.

Hapa lazima niseme habari za shangazi. Shangazi Koku alikuwa amefika umri ambao majirani wakimwona wanasema "pole" bila kufiwa. Posa mbili zilikuwa zimeshavunjika. Ya kwanza ilivunjikia kwa mbuzi aliyeletwa akiwa na jicho moja, na babu akasema anatukanwa. Ya pili ilivunjika kwa maneno tu, kila upande ukidai ulisema hivi na haukusema vile. Sasa alikuwa amempata Deusi, fundi seremala wa upande wa Kyerwa, ambako siku hizo kulikuwa bado Karagwe tu. Alikuwa mtu mpole na shangazi alimpenda waziwazi, mpaka akawa anacheka akimenya ndizi. Baba yake Deusi, Mzee Rwezaura, ndiye aliyekuwa mgumu. Aliwahi kumposea mtoto wake mkubwa huko nyuma, upande wa mke wakanywa mitungi yake mitano ya rubisi, halafu wakasema hawamjui. Tangu hapo alikuwa mtu wa kuguna tu.

Jumamosi ile walikuja, wakala, wakanywa, wakaguna. Mimi shangazi alinituma kisimani mara mbili, ingawa mitungi ilikuwa imejaa. Mchana wakaondoka. Bibi yangu aliwafungia kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikakaushwa, kwa maana kwetu mgeni hatoki mikono mitupu. Jioni nikanawa mikono mpaka viwiko, nikafungua kitabu niangalie vitenzi vyangu, na vitenzi havikuwepo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeondoka. Pembeni palibaki ukingo mwembamba, umenyooka sawasawa.

Nikamkimbilia bibi, yuko jikoni anachochea moto.

"Bibi, shikamoo, karatasi ya kitabu iko wapi?"

"Marahaba. Karatasi ipi?"

"Ya mwisho."

"Aa, ile," akasema, bila kugeuka. "Imekwenda na kahawa ya wakwe. Ungetaka mkwe apewe kahawa kwenye jani la mgomba kama mtu anayekwenda kulima? Na karatasi zenyewe zimekuwa adimu kama sabuni."

"Bibi, ni ya shule."

"Ilikuwa mwisho kabisa. Nikajua kabla hamjaifikia mtakuwa mmeletewa kitabu kingine."

Shangazi Koku alikuwa pale anaosha vyungu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuwa na neno la kunitania. Nililia usiku kucha, na asubuhi baada ya kanisa nikamweleza baba yote. Baba yangu hakuwa msomi, lakini jambo la mtihani alilichukulia kama ugonjwa wa ng'ombe, yaani halisubiri. Akatazama juu, akatazama baiskeli. Tatizo lilikuwa moja. Kwetu, wakwe wakishakuja kukutembelea leo, huwafuati kesho. Ukiwafuata kesho ina maana kuna kilichoharibika.

"Tutasema tumepita tu," baba akasema.

"Tunapita tunakwenda wapi?"

"Panda karia, Kemi."

Tukaenda, milima ya kushuka tunapanda wote wawili, milima ya kupanda tunasukuma. Njia nzima nilimwomba Mungu kahawa iwe haijatafunwa, au kama imetafunwa, karatasi iwe haijawashiwa moto. Tulipotokeza kwenye migomba ya Mzee Rwezaura niliona watu wanasimama mmoja mmoja uani, na mama mmoja akaingia ndani haraka. Walikuwa wamejaa, majirani watatu wanne na katekista wao, kama kwenye kikao. Baba akasimamisha baiskeli. Akasalimia, akauliza habari za ng'ombe, halafu za mvua, halafu akarudia za ng'ombe.

Mzee Rwezaura aliinua mkono kumnyamazisha. Uso wake haukuwa ule wa jana.

"Waitu, ndugu yangu, usihangaike," akasema. "Najua kilichokuleta. Karatasi nimeiona. Nimeipokea."

Baba akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu.

"Nimewaita hawa ili waione," mzee akaendelea. "Nilipofika nyumbani nikafungua kahawa, nikakuta mkataba. Mimi sikutegemea. Nikasema, hawa watu wa Kanoni ni waungwana. Hawakunipa mbele za watu nikaona wananishuku. Wameufungia kwenye kahawa, kimya kimya, nikaukute nyumbani kwangu. Na wameuandika Kiingereza, lugha ya mahakama. Na umepigwa alama nyekundu za ofisi."

Akaingia ndani, akatoka na kisanduku cha bati. Humo mlikuwa na stakabadhi zake za kodi, vyeti vya ubatizo vya watoto wake, na juu ya vyote, vitenzi vyangu, vimenyooshwa vizuri, vinanukia kahawa.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini baba aliniwahi kwa jicho, na katika jicho lile nikaona yote mara moja. Tukimwambia mzee kwamba hii ni karatasi ya shule iliyofungia kahawa kwa bahati mbaya, tunamwaibisha mbele ya majirani aliowaita mwenyewe. Tukiiomba irudi, ni sawa na kumwambia tunamtaka Koku arudi. Na tukiiacha, mimi sifanyi mtihani. Sikuwa nimewahi kuwa na tatizo kubwa hivyo, na nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne.

"Kumbe mmekuja na msomi," mzee akasema kwa furaha. "Mtoto, tusomee wote wasikie."

Nikaishika. Nikaanza kusoma kwa sauti ya kanisani. "Bear, bore, borne." Wazee wakaitikia kwa vichwa, na Deusi naye, amesimama nyuma yao. "Begin, began, begun." Wakaitikia. Nikafika kwenye "break, broke, broken", nikairuka. Najua hakuna ambaye angeelewa, lakini sikutaka kuleta neno la kuvunja kwenye ua ule. Nikaenda "bring, brought, brought", "build, built, built", na nilipofika "drink, drank, drunk", katekista akakohoa.

"Hilo nalijua," akasema. "Hilo ni kunywa."

"Kunywa kumeandikwa?" Mzee Rwezaura akauliza.

"Kumeandikwa. Mara tatu."

Mzee akawatazama wenzake kwa maana ya kwamba, mnaona watu waungwana? Mtungi ukaletwa, wakanywa raundi tatu za heshima kabla sijaruhusiwa kuendelea. Nilipofika kwenye "give, gave, given", katekista akathibitisha kwamba huko ni kutoa, nako mara tatu, na baba yangu akakaa vizuri zaidi kwenye kigoda chake. Sikuwahi kuona orodha ya vitenzi ikisikilizwa kwa adabu namna ile, si darasani wala popote.

Nilipomaliza pande zote mbili, mzee akasogeza kigoda chake karibu. Akaniuliza, taratibu, "Sasa mjukuu wangu, kwa jumla inasema nini?"

Kusema uongo kwa mtu wa umri wake sikuweza, na kusema ukweli nako ndiko nilikokatazwa kwa jicho. Nikamjibu kama Mwalimu Festo alivyotufundisha kwenye maharage.

"Babu, safu ya kwanza ni mambo yanayofanyika leo. Safu ya pili ni yaliyofanyika jana. Safu ya tatu ni yale yaliyokwisha kufanyika, yamekamilika."

Mzee akapiga goti lake kwa kiganja. "Hayo ndiyo maneno," akasema. "Yamekamilika. Hapo ndipo wale wengine waliponishinda."

Baba ndiye aliyetuokoa, na mpaka leo sijui alikotoa akili ile, labda kwenye zile raundi tatu. Alisema kwamba mkataba mmoja kwa pande mbili haufai, na kwamba msomi wetu angeomba ruhusa anakili nakala ya Kanoni. Mzee Rwezaura alikaribia kumkumbatia. Karatasi tupu haikuwepo pale nyumbani, wala kwa jirani, kwa hiyo wakashusha kalenda ya kanisa ukutani, mwaka wake ulikuwa umepita, nami nikanakili nyuma yake kwa kalamu ya katekista, kitenzi kwa kitenzi. Nilinakili na "break" pia. Nilipomaliza mzee akataka dole gumba. Wakachovya kwenye masizi ya sufuria, baba akabandika na mzee akabandika, kwenye ukurasa wa kitabu na kwenye kalenda. Karatasi yangu ikarudi kwenye kisanduku, kufuli likabonyezwa. Tulikula ndizi na kuku, tukarudi nyumbani na kalenda.

Jumatatu nilikwenda ofisini peke yangu. Mwalimu Festo akahesabu kurasa, akafika mwisho, akasimama. Nikampa kalenda. Upande mmoja picha ya Bikira Maria, upande wa pili vitenzi, na chini madole gumba mawili meusi. Akaniuliza haya madole ni ya nani. Nikamweleza yote toka mwanzo, bila kuficha hata zile raundi tatu. Alinisikiliza, akavua miwani, akatoka nje akashika ukuta wa ofisi, na mabega yakawa yanatikisika. Mimi nikajua nimemliza mwalimu, nami nikaanza kulia. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa umenyooka. Akabandika kalenda kitabuni kwa uji wa muhogo, akaniambia jina langu litakwenda, na nipalilie matuta mawili ya maharage kwa uzembe. Nilipalilia manne, kwa shukrani.

Nikafanya mtihani, nikachaguliwa. Shangazi Koku akaolewa kabla ya Krismasi, na Mzee Rwezaura akawa mkwe mwema kuliko wote. Kila Deusi alipomkosea shangazi, mzee alitoa kisanduku, akamwonyesha karatasi na kumwambia, "Ulisomewa hapa, na uliitikia." Deusi alikuwa anaomba radhi papo hapo. Mzee akafa akiwa anaitunza. Amewekewa kaburi la sementi, kisanduku akarithi shangazi.

Siku hizi nakaa Bugene. Vijana wananipita na bodaboda, simu sikioni, Kiingereza kinatokea puani kama mtu mwenye mafua. Mjukuu wa shangazi, anayesoma shule ya kulipia Kayanga, mwezi uliopita alinisahihisha mbele ya wageni. Nikamwambia aje shambani atamke hivyohivyo huku analima. Akashika jembe kama anashika nyoka, na kabla ya tuta la pili akasema ana simu ya haraka. Leo karatasi ikipotea wanaipiga picha, wanatumiana, hakuna anayelia wala anayepanda baiskeli, na sidhani kuna mtoto kati yao atakayeweza kutaja kitenzi kimoja betri ikiisha.

Nilikuwa namhadithia shangazi mambo hayo Pasaka hii nilipokwenda kumsalimia, tumekaa uani kwake tunamenya ndizi, wote wawili vibibi sasa. Nikamkumbusha jinsi bibi alivyokuwa na mkono mwepesi wa kuharibu vitabu vya watu. Shangazi akaacha kumenya.

"Mama yangu hakuiharibu," akasema. "Wakati ule alikuwa hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Unadhani angekata karatasi ikanyooka vile?"

Nikaweka kisu chini.

"Niliikata mimi, kwa wembe. Deusi alishaniambia baba yake haamini maneno, anaamini karatasi. Na kwetu nani angekubali kuandika mkataba kwa ajili ya msichana? Wangeona aibu. Nikampa mama afungie kahawa, nikamwomba aseme ni yeye."

Nilishikwa na hasira ya miaka arobaini kwa mara moja. Nikamwuliza kama alijua kwamba nilikuwa nifutwe mtihani, kama alinisikia nikilia usiku kucha chumba cha pili, na kama alijua ule ulikuwa ukurasa gani.

"Nilijua," akasema. Alichukua ndizi nyingine, akaigeuza mkononi, hakuimenya. "Nilisikia ukilia, na mimi nililia. Lakini wewe, Kemi, vitenzi vyako vilikuwa kichwani vyote. Nilikuwa nakusikia kila siku kwenye migomba. Mimi nilikuwa sina kingine cha kumpa yule mzee."

Nilichukua kisu, tukaendelea kumenya, na baada ya muda nikasikia kwamba ananong'ona vitenzi vyangu, polepole, pigo kwa pigo la kisu, na hakukosea hata kimoja.